Mgeni Aonyeshwe Nini Dar es Salaam?

Mwaka 2024 nchi yetu ilipokea watalii kutoka nje zaidi ya milioni 2. Hesabu hiyo imesomwa kwa furaha, na ni haki isomwe hivyo, kwa kuwa fedha za kigeni zinazoletwa na wageni hao ni sehemu ya fedha tunazonunulia dawa na mafuta. Lakini mtu akiwafuata wageni hao hatua kwa hatua ataona kwamba wengi wao wanaopitia Dar es Salaam hukaa hapa kwa muda wa kubadilisha chombo tu. Anayetoka kiwanja cha ndege hukimbizwa bandarini akapande boti ya Unguja. Anayetoka Unguja hukimbizwa kiwanja cha ndege akawahi ndege ya Arusha. Kati ya safari hizo mbili huonyeshwa chumba cha hoteli, msongamano wa magari na, akibahatika, duka moja la vinyago. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, jiji kubwa kuliko yote nchini, limegeuzwa chumba cha kungojea safari.

Hilo linasikitisha. Linalosikitisha zaidi ni kwamba sisi wenyewe, na hasa watumishi wa umma wanaopokea wageni wa mikutano na semina, ndio mashahidi wa kwanza wa kusema kwamba Dar es Salaam hakuna kitu cha kuona. Ofisa hukabidhiwa wajumbe kutoka Lusaka au Maputo, siku ya mapumziko ikafika, naye asiwe na wazo jingine ila kuwapeleka kwenye jengo la maduka lenye viyoyozi, ambalo mfano wake wameuacha kwao. Zamani tulikuwa na neno moja tu la kuuita mwenendo wa namna hii, nalo ni kasumba. Neno hilo halijachakaa. Anayeamini kwamba mji wake hauna thamani mpaka ufanane na mji wa mwingine ana kasumba, hata kama ana shahada mbili.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane mgeni ni nani. Katika mazungumzo ya ofisini mgeni amekuwa Mzungu mwenye kamera. Lakini mfanyabiashara wa Lubumbashi au Lilongwe anayekaa juma zima Kariakoo akikusanya bidhaa zake ni mgeni, tena mgeni anayerudi kila mwaka. Mwalimu wa Sumbawanga aliyekuja likizo kwa mdogo wake Mbagala ni mgeni. Mwezi Agosti 2025, yalipofanyika mashindano ya CHAN katika nchi zetu tatu, uwanja wa Benjamin Mkapa ulipokea mashabiki ambao hawakufuata simba wala tembo. Nayo fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 wamekabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Mwafrika mwenzetu akimaliza kutazama mpira saa tatu usiku, kesho yake asubuhi ataamka na siku nzima mkononi. Tumemwandalia nini?

Mji huu, kwa asili yake, ulitayarishwa kupokea wageni. Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, miongoni mwa majengo aliyoyasimamisha ni nyumba ya mawe ya matumbawe ya kuwalaza wageni wake. Hatumsifu Majid, utajiri wa ufalme wake ulitokana na karafuu na jasho la watumwa. Alifariki mwaka 1870, na jumba lake mwenyewe halipo tena. Lakini ile nyumba ya wageni imesimama mpaka leo kando ya barabara inayoelekea bandarini, nasi tunaiita Boma la Kale. Imekarabatiwa, na ndani yake umewekwa urithi wa usanifu wa majengo ya jiji. Maelfu ya wafanyakazi hupita mbele yake kila asubuhi wakienda ofisini. Ni wangapi wamewahi kuingia?

Tuanze na bahari, kwa kuwa ndiyo iliyouzaa mji. Mgeni aliyezoea fukwe za kusini mwa Ulaya, ambako maji hayapandi wala hayashuki sana, hawezi kuielewa bahari yetu bila kuelezwa. Huku kwetu, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku hizo, yaani karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu, bahari hukupwa kama saa nne ya asubuhi na kujaa kama saa kumi ya alasiri. Siku za maji mafu saa hizo hugeuka, na maji hayaendi mbali. Mambo haya mtoto wa Kunduchi huyajua kabla ya kujua kusoma, lakini dereva wa basi la watalii hayajui, na ofisa wa itifaki hayajui. Basi mgeni hupelekwa ufukweni saa nne ya asubuhi ya bamvua bila kuambiwa neno, akakuta mawe na matope, akaandika kwao kwamba amedanganywa.

Mtu huyohuyo angeongozwa na mvuvi, au na mmoja wa akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza maji yanapotoka, angetembea juu ya sakafu ya bahari kwa saa mbili na kurudi na hadithi ya maisha yake yote. Angeonyeshwa majani ya baharini ambayo ndiyo malisho ya tasi, mashimo ya pweza na namna ya kuyatambua kwa makombe yaliyorundikwa mlangoni, vidimbwi ambamo samaki wadogo hungoja maji yarudi. Angefundishwa kuvaa viatu, na kutokanyaga matumbawe yaliyo hai. Hakuna mashine inayohitajika kwa shughuli hiyo wala hoteli ya ghorofa 20. Kinachohitajika ni mtu mwenye elimu ya bahari, naye yupo, ila hajawahi kuhesabiwa kuwa ana elimu.

Upepo nao una somo lake. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi kuingia Machi, bahari huwa njema, na ngalawa huenda Mbudya na kurudi bila taabu. Masika hufuata, kisha kusi huvuma, na katikati ya mwaka huvuma kwa nguvu. Katika maleleji, baina ya pepo hizo mbili, maji hutulia na huonekana mpaka chini. Mtu anayetangaza safari za visiwani bila kutaja majira hayo anauza asichokijua.

Visiwa vyenyewe ni hazina ambayo serikali iliitambua mapema. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, wakati ambapo nchi nyingi hazijafikiri kulinda matumbawe. Baadaye viliongezwa vingine vya upande wa kusini, vikiwamo Sinda na Makatumbe. Bongoyo huendewa kutoka Msasani na Mbudya kutoka Kunduchi. Safari haifiki saa moja. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na ndivyo inavyotakiwa. Hata hivyo pwani hii iliteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na kitoto chake kwa pamoja, na hupasua matumbawe ambayo hukua kwa sentimita chache tu kila mwaka. Wapigaji baruti wamekamatwa na kushitakiwa, na msako ukawa na matokeo. Lakini tusisahau kwamba kijana wa mtumbwi hatengenezi baruti. Humfikia kutoka kwa mtu mwenye fedha ambaye hajawahi kulowana. Kijana huyo akipata riziki kwa kuwapeleka watu visiwani, akiwa na chombo kilichokaguliwa na jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, matumbawe mazima yatakuwa na faida kwake kuliko yaliyopasuka.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo bila kulitengeneza mengine yote ni porojo. Mwananchi anaifikiaje bahari? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu ufukwe ndani ya mita 60 kutoka baharini. Sheria imeandikwa kwa lugha nyepesi, na mita 60 si kipimo cha kubishaniwa; mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuipima kwa kamba. Pamoja na hayo, mtu akitembea kwa miguu kutoka Msasani kuelekea kaskazini, atakuta kuta. Kuta nyingine zimeshuka mpaka zinapigwa na mawimbi maji yakijaa. Vichochoro vilivyokuwa njia za wavuvi vimefungwa kwa mageti yenye walinzi, na mlinzi akiulizwa kwa amri ya nani, hana la kujibu ila kwamba bosi amekataza.

Ni nani hao wanaojenga kuta? Wapo wenye hoteli. Wapo pia, na tuseme bila kuficha, watu wenye vyeo, ambao kazini husaini barua za kuhimiza utalii wa ndani na nyumbani huifungia bahari nje ya macho ya jirani zao. Mtoto wa Tandale aliyefukuzwa ufukweni na mlinzi hatakuja kuwa mwenyeji mwema wa mtalii. Atakuwa amejifunza kwamba bahari ni mali ya wageni na ya wakubwa.

Na bahari yenyewe haiheshimu kuta. Katika ukanda wa Kunduchi hoteli ya Africana iliachwa baada ya mawimbi kuula ufukwe wake. Wataalamu walieleza chanzo kimojawapo bila kuzunguka: mchanga wa fukwe zile huletwa na mito midogo kama Tegeta na Mbezi, nao ulikuwa ukichimbwa mitoni na kubebwa kwa malori kwenda kujengea nyumba. Mto usipoleta mchanga, bahari hujichukulia ardhi. Tena ikikatwa mikoko, ambayo mizizi yake ndiyo inayoshika tope na kuwalea kamba na samaki wachanga, hasara huongezeka. Kwa hiyo anayejenga ndani ya zile mita 60 huwanyima wananchi njia, kisha huja miaka kumi baadaye kuiomba serikali imjengee ukingo wa zege kwa fedha za wananchi haohao.

Mahali pamoja panaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa. Ni ufukwe wa Coco, kule Oysterbay. Jumapili alasiri hapo huonekana jiji lote: familia za Kinondoni na za Temeke, vijana wanaocheza mpira mchangani, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, mishikaki, madafu. Hakuna aliyewapangia ratiba. Mgeni akiletwa hapa hatachezewa ngoma wala kuvishwa shada la maua. Atakaa juu ya jabali, ale muhogo, amwulize jirani yake habari za Simba na Yanga, na kwa muda wa saa moja atakuwa ameujua mji kuliko aliyekaa hotelini siku tano. Upungufu upo. Kivuli ni kidogo, vyoo havitoshi, takataka ni nyingi, ingawa katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 lilipunguza kiasi chake. Hayo ni mambo ya bajeti na usimamizi, hayahitaji falsafa.

Falsafa tulishaijadili zamani, na vizuri. Mwaka 1970 vijana wa tawi la Umoja wa Vijana wa TANU la Chuo Kikuu waliandika katika gazeti la The Standard wakihoji kama utalii unapatana na ujenzi wa nchi ya kijamaa. Majibu yakaja kutoka kila upande, na mwaka 1973 Issa Shivji akayakusanya kuwa kitabu. Wakati huo Hoteli ya Kilimanjaro ilikuwa na umri wa miaka mitano, na hoteli za pwani ya kaskazini zilikuwa ndiyo kwanza zinajengwa. Waliounga mkono walitaja fedha za kigeni na ajira. Waliopinga waliuliza kwa nini mtaji mkubwa uzikwe katika vitanda vya wageni, na kama Mwafrika aliyetoka juzi kwenye utumishi wa ukoloni atarudishwa kwenye unyenyekevu uleule akiwa amebeba sinia.

Leo hakuna anayedai utalii ufungwe, na fedha zake zimekuwa sehemu kubwa ya mapato ya taifa. Lakini swali la sinia halikujibiwa, lilinyamaziwa tu. Twende katika ukumbi wowote wa kulia chakula ambako wageni huchezewa ngoma za usiku. Sindimba, ambayo kwa Wamakonde ilifungamana na jando na unyago na ilikuwa na mambo ya kufundisha, hukatwa ikawa ya dakika kumi, baina ya supu na samaki. Wachezaji hutabasamu kwa amri. Hakuna anayeeleza kinachoimbwa, na kwa kuwa haielezwi, mgeni huona viuno tu. Kisha wasanii hulipwa nauli na soda. Tuna haki ya kuuita mwenendo huo kwa jina lake: ni kuuza utamaduni kwa bei ya rejareja.

Tofauti yake inaonekana katika Kijiji cha Makumbusho, kule Kijitonyama, ambacho kimekuwapo tangu miaka ya 1960. Pale zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi, msonge wa Wahaya karibu na tembe la Wagogo, pamoja na vyombo vya ndani. Alasiri hupigwa ngoma, na mtu anaweza kuuliza maana yake akajibiwa. Lakini jambo kubwa zaidi la kijiji hicho ni zile siku za utamaduni zilizoanzishwa katika miaka ya 1990, ambapo watu wa jamii fulani huja wenyewe na chakula chao, dawa zao, michezo yao na wazee wao. Siku hiyo mzee wa Kigogo hamchezei mgeni. Anacheza na watu wake, wajukuu wake waliozaliwa Ubungo wakimwangalia kwa mara ya kwanza, na mgeni amekaribishwa atazame. Hakuna sinia hapo. Hii ndiyo sababu tunasema siku hizo zingetakiwa kutangazwa mwaka mzima mbele, katika shule, katika hoteli na katika stesheni za reli, wala zisingojewe mpaka mtu mmoja wa wizarani akumbuke kutuma barua.

Utamaduni wa jiji lakini haukuishia kwenye nyumba za nyasi, na tungekosea kumwonyesha mgeni ya jana pekee. Mdundiko wa Wazaramo bado hupita mitaani siku za harusi. Msondo Ngoma, bendi iliyotokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Sikinde iliyozaliwa mwaka 1978, ni shule za muziki wa dansi ambazo kijana wa Kinshasa mwenyewe atazisikiliza kwa heshima. Kisha ipo singeli, iliyozuliwa na vijana wa uswahilini kwa vyombo vya bei ndogo na sasa inachezwa Ulaya. Wazee wenzetu wanalalamikia mwendo wake na baadhi ya maneno yake. Wapo waliolalamikia dansi vilevile.

Kuhusu michoro na vinyago tunapenda kusema neno la haki ya mfanyakazi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 juu ya vibao vya mraba kwa rangi za mafuta za kawaida, akiuza kazi zake Oysterbay. Aliuawa kwa bahati mbaya kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache alikuwa amewafundisha ndugu na marafiki, na mwaka 1990 warithi wake waliunda chama cha ushirika ambacho kimeendeleza kazi palepale. Mtindo huo unajulikana duniani kote kwa jina lake. Na kwa kuwa unajulikana, unaigwa, na mwanunuzi haulizi tena ni nani aliyechora. Vivyo hivyo kwa vinyago vya Mwenge: mpingo hukua polepole mno, mchongaji hutumia majuma kadhaa kutoa kazi moja nzuri, na mgeni hushauriwa na kiongozi wake apunguze bei mpaka nusu, kisha kiongozi huyo akarudi baadaye kuchukua bakhshishi yake kwa mwenye duka. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kazi iandikwe jina la mtu aliyeifanya. Mgeni akutane na mchongaji, amwone na tezo mkononi, ajue kwa nini kinyago kina bei.

Mengine yaliyo katikati ya mji tutayataja kwa ufupi, kwa kuwa ni ya karibu na hayana udhuru. Bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1893, na jirani yake ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, ambayo ndiyo inayolitunza fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mtu wa miaka zaidi ya milioni moja na nusu anakaa umbali wa dakika chache kutoka ofisi zetu, na mchana wa kazi maofisa wanakwenda kula chipsi. Asubuhi na mapema ipo Feri, soko la samaki, mnada ukiwa umepamba moto. Na pembeni yake pantoni ya Kigamboni. Daraja la Nyerere limekuwapo tangu mwaka 2016, lakini anayetaka kuiona bandari na avuke kwa pantoni akiwa amesimama pamoja na wenye baiskeli na ndoo za dagaa.

Pugu ni jambo jingine, na walimu watatuwia radhi tukikaa hapo kidogo. Vilima vya Pugu viko mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka mjini, na reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina stesheni huko. Msitu wake ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imeenea kabla ya jiji, na imo mimea ambayo wataalamu hawajaiona mahali pengine duniani. Pamoja na Kazimzumbwi, msitu huo ulipandishwa hadhi mwaka 2020 kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Watu wanaweza kutembea humo, kupanda vilima, kuwaangalia ndege na kulala kwenye mahema. Lakini msitu huu umekuwa ukipigana na jiji kwa miaka mingi, na silaha ya jiji ni gunia la mkaa. Tunaulaumu uharibifu huo tukiwa tumekaa mbele ya ubwabwa uliopikwa kwa mkaa huohuo, wala hatujui ulitoka wapi.

Tena Pugu ni mahali pa historia ya ualimu. Ndipo Julius Nyerere alipofundisha aliporudi kutoka masomoni Uingereza, mpaka mwaka 1955 alipoiacha kazi hiyo ili aongoze TANU. Jina la Mwalimu halikutokana na heshima ya kupewa bure. Nyumba yake ya Magomeni sasa ni makumbusho. Darasa linaloanzia Pugu asubuhi na kumalizia Magomeni alasiri litakuwa limejifunza historia ya uhuru kwa miguu yake, nalo halitahitaji kukariri.

Hapa ndipo tunapowageukia wasomaji wetu. Walimu wa jiografia wa jiji hili hufundisha mmomonyoko wa pwani kwa picha za kitabu, na Kunduchi ipo. Walimu wa biolojia huchora mizizi ya mikoko ubaoni, na mikoko ya Mbweni inaota. Tunajua majibu yao: hakuna fedha, hakuna basi, kibali cha safari huchukua miezi. Ni kweli, na lawama hiyo iwaendee maofisa wanaokalia vibali. Ofisa elimu anayeidhinisha semina ya siku tatu ya walimu wakuu hotelini anaweza kuidhinisha siku moja ya wanafunzi ufukweni, kwa sehemu ndogo ya gharama. Maofisa wa ardhi nao wanajua ni viwanja vipi vimevuka mipaka, kwa kuwa ramani ziko kwao. Njia za kwenda baharini zilizomo katika ramani zifunguliwe kabla ya mwaka 2027, wala isingojewe tume. Wale wanaotoa leseni za kuongoza wageni waongeze maswali mawili katika mtihani wao: bamvua ni nini, na maji yatakupwa saa ngapi kesho. Wazee wa Kunduchi na Kigamboni watafaulu bila kusoma, na wao ndio wapewe leseni kwanza. Ratiba ya maji ibandikwe Feri, Msasani na Coco, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Kwa kuanzia ingetosha Jumamosi moja ya bamvua ya mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma, na basi moja la shule ya msingi ya Mbagala au Gongo la Mboto. Saa tatu na nusu wawe Kunduchi, maji yakiwa yanatoka. Watembee na mvuvi mpaka saa tano na nusu, kisha waende kwenye magofu ya msikiti wa kale na yale makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za kaure za China, wakapumzike chini ya mibuyu. Saa nane wawe Kijiji cha Makumbusho. Saa kumi wawe Coco, bahari ikiwa imejaa, wale mihogo na kuoga. Ikiwa ofisa mmoja ana wageni wa mkutano Jumamosi hiyo, awapandishe katika basi hilohilo, viti vya nyuma. Gharama ni mafuta, viingilio vya wanafunzi na ujira wa mvuvi, na ujira huo ulipwe siku hiyohiyo, bila vocha ya kusubiri mwisho wa mwezi.